UZI: Watu wa Kusini hawachochewi na mtu. Someni kwanza karatasi ya ghala

Mwanambibo (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi nilikuwa Mbagala kwenye kijiwe cha kahawa. Zikaja habari za siasa, jamaa mmoja akasema kwa kujiamini: "Watu wa Kusini ni wa kuchochewa tu. Mpe mwanasiasa kipaza sauti, kesho yake wanachoma nyumba." Wenzake wakacheka. Mimi nikanyamaza, kwa sababu kahawa alikuwa amenilipia yeye. Siku tatu sasa nimekaa na neno lile kama mwiba. Nimeona niandike, mods msiunganishe na uzi mwingine tafadhali.

Mimi ni mtoto wa uwanda wa Makonde, upande wa Tandahimba, Mtwara. Kalamu, sare, nauli ya chuo, vyote vilitoka kwenye mikorosho. Kwa hiyo niwaeleze wale mnaoijua korosho ikiwa imekaangwa na kutiwa kwenye kifuko pale stendi.

Mwaka unaanza na kupalilia na kupulizia salfa, maana ubwiriunga, ule ukungu mweupe, ukilala kwenye maua umekwisha. Kuanzia Oktoba unaokota, unatenganisha korosho na bibo, tunda lake, unaanika, unabeba magunia mpaka chama cha msingi cha ushirika, AMCOS. Karani anapima, anakuandikia karatasi. Huuzi pale. Mzigo unakwenda ghala kuu, unasubiri mnada, wanunuzi wanatoa bei zao, zinatangazwa. Ndiyo stakabadhi ghalani, kwetu ilianza msimu wa 2007/08. Baada ya mnunuzi kulipa yanaanza makato: halmashauri, chama cha msingi, chama kikuu, gari, gunia, ghala. Kinachobaki ndicho chako. Tangu siku ya kupima mpaka siku ya hela, unaishi na karatasi. Dukani unakopa kwa kuonyesha karatasi. Mwanao akirudishwa shule kwa michango, unakwenda kwa mwalimu mkuu na karatasi.

Marehemu baba alikuwa na sanduku la bati. Ndani mlikuwa na cheti chake cha ubatizo, picha ya mama, na karatasi za ghala za misimu yote. Alijua kusoma, na alikuwa na tabia ya kuweka kidole kwenye mstari wa makato na kumuuliza karani, "Hii ya nani?" Karani anajibu, "Imetoka juu, mzee." Na hii ya pili? "Hiyo nayo ya juu."

Kijijini kwetu serikali ina jina hilo moja: Juu. Juu hana ofisi unayoweza kwenda kubisha hodi. Ukimfuata mwenyekiti wa kijiji anakwambia ya juu hayo. Diwani naye anatazama juu. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba hasira ya kwetu haikuanzia kwenye umaskini. Njaa tumeizoea, ming'oko ya porini tumekula. Inayouma ni kuhesabiwa hela yako na mtu usiyemwona, kwa hesabu usiyoonyeshwa, halafu ukiuliza unaitwa mchochezi.

Sasa chukueni Liwale, mkoani Lindi, Aprili 2013. Wakulima walikuwa wamepokea malipo ya awali, wakitarajia 600 kwa kilo kwenye malipo ya pili. Wakaambiwa ni 200. Usiku ule nyumba za viongozi wa chama tawala na wa ushirika ziliungua. Siungi mkono moto, nimeona mtu aliyechomewa, hakuna anayestahili. Ila yule wa Mbagala anisaidie: mwanasiasa gani alihitajika pale kuja kuwaeleza watu kwamba 200 ni ndogo kuliko 600?

Na ya gesi asilia ya Mtwara je? Desemba 2012 watu waliandamana Mtwara kwa amani, mabango mkononi, "Gesi haitoki." Dar mkatucheka: hawa wanataka kula gesi peke yao. Nilikuwa mjini siku zile. Watu walikuwa wanasema kitu cha kawaida kabisa, kwamba tuliambiwa viwanda vinakuja huku, tukapandishiana bei za viwanja, leo tunasikia kwenye redio kwamba bomba la zaidi ya kilomita 500 linakwenda Kinyerezi, Dar. Nani alikuja kutueleza? Januari 2013 mambo yakaharibika, Masasi watu wakafa. Akaja Waziri Mkuu Pinda, akaketi na makundi mbalimbali, mji ukatulia. Mtu mmoja alikuja akaketi, basi. Tarehe 22 Mei 2013 ikasomwa bungeni hotuba ya bajeti ya Nishati na Madini, bomba liko palepale. Mtwara ikawaka. Jeshi likaletwa, wengine walizikwa.

Miaka miwili baadaye bomba likazinduliwa. Mwezi huohuo, Oktoba 2015, ukapigwa uchaguzi. Angalieni matokeo ya ubunge, na CUF hicho ni chama cha upinzani: Mtwara Mjini CUF, Tandahimba CUF, Liwale CUF, Mchinga CUF, Kilwa Kaskazini na Kusini CUF. Ile ndiyo barua ya Kusini kwa Juu, na nadhani hakuna aliyeifungua.

Nawasilisha. Karibuni, matusi kaa nayo.

---

Chai Rangi

Umeandika ndefu mkuu lakini nimesoma yote. Mimi wa Shinyanga. Badilisha korosho weka pamba, badilisha karani weka karani. Hata "juu" tunayo.

---

Afisa Mstaafu

Mleta mada, nimefanya kazi Mtwara na Lindi zaidi ya miaka 10, naomba nikupinge kidogo kwa heshima.

Unaieleza stakabadhi ghalani kama mateso. Umri wako huenda haukumbuki kabla yake. Chomachoma, yule mlanguzi wa mitaani, alikuwa anakuja na mizani aliyoifunga mawe, analipa anachotaka, na mkulima hana pa kupeleka. Mfumo huu ndio uliomlazimisha mnunuzi kushindana. Msimu wa 2017/18 korosho ilipita shilingi 4,000 kwa kilo mnadani na nchi ikavuna zaidi ya tani 300,000. Wakulima walinunua pikipiki kama njugu, nimeona kwa macho yangu. Hilo husemi.

La pili, kusema hakuna uchochezi si kweli. Nilikuwa kwenye mikutano. Yupo aliyesimama jukwaani akawaambia watu kwamba bomba likijengwa Mtwara haitabaki na kitu. Yupo aliyewaambia watavuta hela za gesi kila mwezi kama mshahara. Hao hawakuchomewa nyumba, na watoto wao hawakuwa barabarani siku ya mabomu ya machozi.

La tatu, gesi ni mali ya Watanzania wote. Kila mkoa ukisema chake hakitoki, dhahabu ya Geita ibaki Geita, mpunga wa Kyela ubaki Kyela, tutakuwa na nchi gani?

---

Mwanambibo

Mzee wangu, shikamoo.

La kwanza nakubali, na nilikosea kuliacha. Baba mwenyewe alikuwa mtetezi wa mnada. Alisema bora mwizi anayeandika kuliko asiyeandika. Kisa changu hakiko kwenye mnada, kiko kwenye ile safari kati ya bei iliyosomwa na hela iliyofika.

La pili, sawa, wachochezi walikuwepo. Lakini kiberiti hakiwashi nyasi mbichi.

Hilo la tatu ndilo linalotutofautisha, na nitakuomba radhi nikilisema kwa ukali. Sisi hatukuwahi kusema gesi ni ya Wamakonde. Mkoa wa Mtwara ulikaa miaka na umeme wake wa mitambo midogo, nje ya gridi ya taifa. Bomba limepita, na bado tukaishi na umeme wa kukatika. Unakaa gizani unaambiwa gesi ni ya wote. Ungekuwa wewe, hiyo "wote" ungeisikiaje?

---

Mama Salma wa Newala

Hamjambo. Mimi husoma tu humu, siandiki. Leo naandika kwa sababu mnabishana kama kijiji ni mtu mmoja.

Kwetu kuna watu wa aina mbili. Wapo wanaosubiri mnada, na wapo wasioweza kusubiri. Mimi ni wa pili. Mume wangu alifariki. Nyie wa huku mnajua, sisi ukoo wetu ni wa upande wa mama, kwa hiyo mikorosho aliyopanda mume walikuja wapwa zake wakaihesabu kuwa yao. Nikabaki na miti michache niliyopanda mwenyewe nyuma ya nyumba, na ile aliyoniachia mjomba wangu.

Mwezi wa saba mtoto anaumwa. Benki hawanijui. Anayenijua ni jirani mwenye duka. Ananipa hela leo, mimi nitamlipa korosho msimu ukifika, kwa kangomba. Kangomba ni kile chombo cha kupimia. Kilo aliyoinunua kwangu Julai, Novemba anaiuza kwa jina lake mara tatu ya aliyonipa. Ni haramu, wanamkamata mara moja moja, lakini mtoto alipona. Mniambie nimchukie au nimshukuru. Mimi nafanya yote mawili.

Ikaja 2018. Wanunuzi walitaka kutupa bei ya chini, wakulima wakagoma mnadani, Tandahimba na Newala, wakasema bora zioze. Nilifurahi, sijapata kuona watu wamesimama vile. Mwezi wa kumi na moja Rais Magufuli akafukuza mawaziri wawili, akavunja bodi ya korosho, akasema serikali itanunua zote kwa 3,300, na malori ya jeshi yakaja kubeba. Tulipiga vigelegele. Mimi nilipiga pia, siwezi kukana.

Halafu likaja neno "uhakiki". Mwenye mzigo mkubwa aonyeshe shamba, anayeonekana ni mnunuzi wa kangomba asilipwe. Nikasema vizuri, leo wenye maduka wamepatikana. Kumbe mwenye duka alikuwa ameshazigawa korosho kwenye majina ya shemeji, ya mkwe, ya kijana wake wa dukani. Aliyekwama ni kaka yangu, mwenye shamba la kweli la urithi lisilo na karatasi hata moja, lenye mpaka wa mwembe. Alisubiri mpaka mwaka mwingine ukaingia. Kupalilia akashindwa, salfa akashindwa, na msimu uliofuata miti ikampa kidogo.

Kaka yangu na mwenye duka wanasali msikiti mmoja. Tangu mwaka ule hawasalimiani. Mmoja akisimama na chama hiki, mwenzake anakwenda kile, hata kama hajui sera ya chama. Sisi kwetu ndivyo vyama vilivyogawanyika, nyie mnadhani watu wanasoma ilani.

---

Chai Rangi

Mama Salma andika kila siku tafadhali.

---

Mwanambibo

Mama, nimesoma mara mbili na nimeona aibu. Mwenye duka wa kwetu ni baba yangu mdogo. Sikuandika habari za kangomba kwenye mada kwa sababu hiyo, sasa nimesema.

Niongeze kitu kimoja kwenye 2018, maana watu wa mjini wanaikumbuka kama mwaka wa "Rais kuwaokoa wakulima". Kabla ya yote yale, mwezi wa sita, bunge lilibadilisha sheria ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje. Awali asilimia 65 ya ushuru ule ilikuwa inarudi kuendeleza zao, pamoja na pembejeo. Ikaamuliwa yote iende Mfuko Mkuu wa serikali. Wabunge wa Kusini wa chama tawala, wa CCM hao, walipinga bungeni waziwazi. Walishindwa. Wakati huohuo sisi kijijini tulikuwa tunatafuta tu salfa imekwama wapi. Hakuna aliyetuambia kwamba salfa yetu ilikuwa inapigiwa kura Dodoma.

Ndiyo maana nikisikia "watu wa vijijini hawaelewi siasa" huwa nacheka. Tunaielewa inapofika, ila inafika imechelewa.

---

Kiti Moto Original

Kwa hiyo muhtasari ni nini? Mnataka nchi yenu?

---

Mwanambibo

Muhtasari: soma.

---

Babu Mkwaya

Wajukuu, amani kwenu. Naandikiwa na mjukuu wangu, macho hayaoni vizuri.

Mnaanza habari kwenye 2012. Mimi nimezaliwa karibu na reli. Ndiyo, Kusini kulikuwa na reli. Waingereza baada ya vita kuu ya pili walikuja na mpango wa karanga, Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea, kuanzia 1947. Wakajenga reli kutoka pwani ya Lindi, na bandari ya Mtwara ikajengwa kwa ajili hiyo. Karanga ikawashinda, mpango ukafa 1951. Reli ikaendelea miaka kidogo, kisha tumepata Uhuru, haijapita muda, ikang'olewa. Hasara, walisema. Kijana, wewe umewahi kuona reli inang'olewa? Inaondoka kipande kwa kipande, na kila kipande kinapita mbele ya nyumba yako.

Halafu vijiji. Mimi namheshimu Mwalimu, nimemlilia 1999. Lakini tulihamishwa kukaa kwenye vijiji vya pamoja, mikorosho ikabaki kule mahame. Mti usiopaliliwa unamezwa na pori, moto ukija unaondoka nao. Na ugonjwa wa ukungu ukaingia. Nchi hii ilikuwa inavuna tani 145,000 za korosho mwanzoni mwa miaka ya 70. Kufika katikati ya miaka ya 80 ilikuwa haifiki tani 20,000. Na katikati ya anguko hilo, 1976, vyama vya ushirika vikavunjwa. Na viwanda vya kubangua vikajengwa kwa mkopo wakati korosho yenyewe inatoweka! Baadaye vikauzwa, vingi vikawa maghala. Mpaka leo korosho nyingi zinapanda meli zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam.

Nataka kusema nini. Kila waliokuja walikuwa na nia njema. Wa karanga walikuwa na nia njema, wa vijiji nia njema, wa ghala nia njema, wa gesi nia njema. Sisi hatujawahi kuletewa nia mbaya. Hata mara moja. Na ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vita miaka mingi, tuliwahifadhi ndugu wa Msumbiji, mabomu yalianguka huku, hatukulalamika. Mtumishi akikosea Dar anaambiwa "utahamishiwa Kusini". Sisi tunaishi kwenye adhabu ya mtu mwingine.

---

Afisa Mstaafu

Mzee Mkwaya, shikamoo. Hilo la "utahamishiwa Kusini" nimeambiwa mimi. Nilikwenda nalia, feri ya Ndundu ilikuwa imeharibika, tukalala Rufiji usiku mbili na mbu. Daraja lilikuwa halijajengwa, lilikuja 2003. Nilioa hukohuko. Kwa hiyo adhabu ilinifaa.

Nirudi kwenye mada. Mleta uzi, 2015 umeitaja, ya baadaye umeiruka. Kama Kusini ilikuwa na hasira hivyo, mbona baadaye CCM ilirudisha majimbo karibu yote? Huoni kwamba hasira ilikwisha, au haikuwa kubwa kama unavyosema?

---

Mwanambibo

Swali zuri, na sina jibu safi.

Sehemu ya jibu ni wabunge wenyewe. Mbunge wa Liwale aliyeshinda kwa CUF 2015 alihamia CCM 2018, ukafanyika uchaguzi mdogo, akarudi bungeni kwa shati lingine. Na CUF yenyewe iligawanyika pande mbili baada ya 2015, wakagombana mpaka mahakamani. Mkulima aliyepiga kura kwa uchungu akatazama pembeni akakuta wale aliowachagua wanagombania funguo za ofisi.

Sehemu nyingine ni Novemba 2019, uchaguzi wa serikali za mitaa. Wagombea wengi sana wa upinzani walienguliwa kwa sababu za fomu, vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa, CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99. Kwetu mwenyekiti wa kijiji alipita bila kupingwa. Si mtu mbaya, ni jirani, tumezika naye. Lakini zamani ukiwa na neno juu ya AMCOS, ulikuwa unamwambia "mwakani tutakunyima kura", naye anahema, anakwenda kuuliza. Sasa anakwambia ya juu hayo, na mjadala unaishia hapo.

Hasira haikwenda kokote, mzee. Ilikosa mlango, ikarudi ndani. Ndiyo ile ya Mama Salma, kaka na mwenye duka hawasalimiani.

Lakini pia kuna watu waliorudi CCM kwa hiari yao na kwa sababu za maana. Mama yangu mmoja wao. Anasema: "Mpinzani ananieleza vizuri shida yangu. Wa CCM ananiletea kisima. Mimi shida yangu naijua tayari." Nimembishia miaka, hajawahi kushindwa.

---

Mgeni wa Kilifi

Niruhusuni jirani kutoka Kenya. Kilifi tulikuwa na kiwanda cha korosho, kiliajiri watu wetu wengi, kikabinafsishwa, kikafa. Mikorosho ya babu zangu mingine imekatwa mkaa. Miaka ileile ambayo nyinyi mlisema "Gesi haitoki", huku ukutani kuliandikwa "Pwani si Kenya". Kwetu kisa kikubwa kilikuwa ardhi, si zao. Mtu wa pwani anaitwa skwota kwenye shamba alilozaliwa babu yake, kwa sababu cheti kiko kwa mtu asiyewahi kulikanyaga.

Lakini tofauti moja nimeiona. Sisi tangu katiba ya 2010 tuna kaunti na gavana. Hatujatajirika, msije mkadhani. Ila hasira zetu nyingi sasa zinaishia kwa gavana. Tunamjua jina, tunaijua nyumba yake, tunaijua gari yake mpya. Huyo "Juu" wenu kwetu ameshuka ngazi moja. Wizi nao umeshuka ngazi moja pamoja naye, hilo nalo nakiri.

---

Mama Salma wa Newala

Mgeni karibu. Hapo kwenye gari mpya nimecheka peke yangu jikoni.

Mimi sitaki gavana. Nataka kitu kidogo sana. Mnada ukisomwa, ubao uwekwe pale kwenye AMCOS: bei ya mnunuzi hii, tunakata hiki cha fulani, hiki cha fulani, inabaki hii. Uandikwe kwa chaki, usifutwe mpaka watu wamalize kulipwa. Wa kwetu ubao upo. Mwaka juzi walisoma makato kwenye mkutano haraka kama anayesoma matangazo ya vifo, nikainua mkono kuuliza mstari wa nne. Katibu akaniambia, "Mama, wewe una kilo ngapi?" Nikasema kilo 86. Watu wakacheka. Nikakaa chini.

Wenye tani hawaulizi, kwa sababu wanaye mtu ndani. Na wenye kilo 86 wanaulizwa kwanza wana kilo ngapi.

---

Afisa Mstaafu

Mama, naomba radhi kwa niaba ya mfumo niliofanyia kazi, ingawa hukuniomba. Mstari wa nne ulikuwa unasemaje?

---

Mama Salma wa Newala

Mpaka leo sijui, kaka. Alifuta.

---

Chai Rangi

Jamani.

---

Kiti Moto Original

Nilikuja kuvuruga uzi nimeishia kusoma mpaka mwisho. Mimi ndiye wa Mbagala? Hapana, lakini ningeweza kuwa yeye, nimewahi kusema hivyohivyo. Swali la kweli sasa, si utani: siku hizi minada si inafanyika kwa mtandao na hela zinaingia benki moja kwa moja? Bado hayo makato hayaonekani?

---

Mwanambibo

Kweli, mnada siku hizi unapita kwenye mfumo wa TMX, soko la bidhaa la mtandaoni, bei unaiona siku hiyohiyo, hata vijana waliopo Kariakoo wanarushiana picha za bei kwenye simu kabla karani hajaamka. Hiyo ni hatua kubwa, nisiwe mchoyo. Baba angeipenda. Bei inayosomwa juu sasa inaonekana mpaka kwa bibi.

Kilicholeta kinyume chake ni kwamba sasa kila mtu anaijua namba ya kwanza. Zamani ulikuwa hujui ulichokatwa kwa sababu hujui ilikoanzia. Leo unaona bei ya mnada kwenye simu, benki inaingia nyingine, na pengo lina ukubwa unaoweza kuupima kwa kidole. Ujumbe wa benki haukuonyeshi mstari wa nne. Nilimpigia karani wetu msimu uliopita, kijana mstaarabu, tumesoma pamoja. Akaniambia, "Ndugu yangu, hata mimi naletewa jumla tu."

Kwa hiyo hata yeye anatazama juu.

---

Babu Mkwaya

Mjukuu ananisomea mnavyoandika. Mama Salma, kilo 86 ni nyingi kwa miti ya nyuma ya nyumba. Unapulizia mara ngapi?

---

Mama Salma wa Newala

Shikamoo babu. Mara tatu nikipata salfa, mara moja nikikosa. Mwaka huu niliandikishwa kwenye daftari la pembejeo, wakaniambia jina halionekani kwenye mfumo, nirudi Jumatatu. Nimerudi Jumatatu mbili. Maua yameshaanza kutoka upande wa mashariki. Mwenye salfa ya ziada huku Newala anitumie ujumbe, nitamlipa kwa hela, si kwa kangomba.